Kutafuta Spika Zenye Besi

Spika zilizokuja na kompyuta yangu zilikuwa nyepesi mno. Ukizishika mkononi ungedhani ndani hamna kitu. Kwenye boksi walikuwa wameandika wati nyingi kuliko za redio ya baa. Kwa muda wote niliokaa nazo hazikunisumbua, maana ofisi yangu pale Migori ilikuwa ya kupiga chapa na kutoa fotokopi, na kompyuta haikuwa na la kusema zaidi ya kulia "tii" ukikosea. Sikujua kwamba mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini zingenigombanisha na kaka yangu mbele ya kwaya nzima.

Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya Wasabato. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alikuwa besi, na besi wenzake wote walimwegemea yeye. Aliendesha trekta la miwa Awendo, na siku za mazoezi alifika amechelewa, vumbi hadi kwenye nyusi, akasimama nyuma kabisa na kufungua mdomo, na kwaya ikatulia. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, najijua. Lakini sauti ile ikianza nilikuwa nasahau hata aliyenikosea asubuhi. Mwaka huo kaka alikuwa amekonda. Tulipomuuliza alisema ni kazi, miwa ya msimu ule ni mingi, akacheka, nasi tukacheka naye.

Tulichanga, tukaenda Kisumu, tukarekodi. Makambi ya Agosti, ile mikutano mikubwa ya kanisa ya kila mwaka, yalikuwa yanakaribia, na kwa Wasabato makambini ndiko kanda za kwaya huuzika. Fundi wa studio, kijana mwenye maringo yake, alikataa kutupa kanda ya kujaribia. Alisema kanda inaua sauti, akatupa CD. "Mkiridhika nipigieni simu nizalishe kanda," alisema. "Nikisikia kimya, naendelea na kazi za wengine." Katika kwaya yote hakukuwa na mtu mwenye mashine ya kuchezea CD ila mimi na kompyuta yangu. Basi Jumapili mchana watu wakajazana ofisini, wengine wakabaki mlangoni, nikaiweka.

Soprano walisikika vizuri. Tena walisikika. Alto walikuwa kwa mbali, lakini walikuwepo. Besi hawakuwepo. Nikapandisha sauti, spika zikaanza kukwaruza na soprano wakawa wanalia kama mbu, na besi bado hawakuwepo. Wimbo wa nne una ubeti wa tatu ambao kaka huuimba peke yake, wenzake wakiguna nyuma yake. Ubeti ule ulipofika tulisikia kitu chembamba, kama mtu anayezungumza nyumba ya jirani, kisha ukapita.

"Cheza tena," kaka akasema.

Nikacheza tena.

"Mimi niko wapi?"

"Uko. Ni hizi spika tu ndizo..."

"Sijauliza spika. Nimeuliza mimi niko wapi." Hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha kuliko kelele, ingawa bado aliniita omera, ndugu kwa Kijaluo. "Omera, siku ile tulimaliza kuimba, sisi tukaambiwa tungoje nje. Wewe na huyo fundi mkabaki ndani kwa mashine. Mmenitoa."

Asiye wa kwetu anaweza kuona ni ugomvi mdogo. Kwetu mkubwa ndiye hutangulia. Yeye hupanda mbegu kwanza, hujenga kwanza, huvuna kwanza, na mdogo akimruka anaita chira nyumbani, ile laana inayomfanya mtu akonde na kuisha bila ugonjwa wenye jina. Nayo haichagui, inaweza kumpata hata yule aliyerukwa. Tayari nilikuwa mdogo anayemwongoza mkubwa kwa mkono kila mazoezi, na wapo waliolinong'ona. Sasa mkubwa amekonda, na sauti yake haimo katika kazi niliyoisimamia mimi. Niliona macho ya watu yakitoka kwake yakija kwangu. Sisi ni Wasabato, mambo ya chira hatuyataji kanisani, ila hakuna aliyekuwa hayafikirii.

Nilimpa visikizio vya redio yangu ndogo ajisikilize mwenyewe. Alivirudisha mezani bila kuvitia sikioni.

"Hiyo ni ya mimi na wewe," alisema. "Mimi nimetolewa mbele ya watu, nirudishwe mbele ya watu. Ijumaa, kabla jua haijaingia. Nisiposikia sauti yangu hapa, besi wote tunatoka, tunaanza yetu. Na usiniite ndugu."

Walipoondoka nilivivaa mwenyewe. Upande mmoja ulikuwa umekufa na wa pili unakwaruza, lakini besi walikuwemo, chini kabisa, na kaka alikuwemo. Nilicheka peke yangu kwa nafuu. Halafu nikakasirika. Mtu niliyelala naye mkeka mmoja utotoni aliniona mimi ni wa kumfuta! Kisha hasira ikaisha nikabaki na hofu tupu, kwa sababu ukweli ulikuwa upande wangu na sikuwa na kitu cha kuusemea.

Wiki ile nilizunguka Migori na CD mfukoni. Duka la kwanza, boksi zimefungwa kwa gundi. "Ukifungua umenunua," mwenye duka akaniambia. Duka la pili, jamaa alinionyesha wati zilizoandikwa kwenye boksi kana kwamba ananisomea Maandiko. Nikainyanyua ile spika. Nyepesi. Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kupima kwa mkono, maana spika yenye besi ina sumaku, na sumaku haifichiki. Pesa niliyokuwa nayo ingenunua mara moja tu, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kukosea.

Duka la tatu walinipa za kwenda kujaribu ofisini kwangu: spika za gari zilizotiwa kwenye visanduku vya mbao vya kuchongwa hapa hapa, na kijimashine cha kuzipa nguvu. Nikazipanga kila upande wa kompyuta. Kabla sijacheza chochote kioo kiligeuka zambarau pembeni, kisha kijani, na mteja aliyekuwa akisubiri barua yake akasimama.

"Mwalimu, hiyo kitu imeingiliwa."

"Ni sumaku," nikamwambia.

"Sawa, ni sumaku. Mimi nitakuja kesho."

Nikazisogeza mbali, kioo kikarudi hali yake. Besi zilikuwa nazo, si uongo, ila zilitoa mvumo wa stima, yaani umeme, mfululizo, na juu ya mvumo ule nisingeweza kumwambia mtu yeyote "msikilize kaka." Nikazirudisha. Jioni ile mazoezini besi hawakuja. Soprano na alto waliimba wakiangalia sakafu, na mimi nilimfokea mama mmoja ambaye hakuwa amekosea lolote.

Alhamisi nilienda Homa Bay, nilikosikia kuna mama anayeuza vyombo vya ofisi zilizofungwa. Duka lake lilikuwa karibu na soko, limejaa taipureta, na katikati ameketi yeye na kompyuta inayowaka. Alikuwa na spika aina tatu. Za kwanza ziling'aa na zilikuwa na kitufe cha besi. Nilipokibonyeza, ngoma za wimbo aliouweka zilinguruma hadi vioo vikatetema, lakini nilipoweka CD yetu, ambayo haina ngoma, kitufe kile kiliwafanya besi kusikika kama wamefunikwa blanketi. Za pili zilikuwa nzuri sana, na bei yake aliitaja akiangalia viatu vyangu.

Za tatu zilikuwa nyeusi, sanduku la mbao, na moja kitambaa chake cha mbele kimeraruka. Niliinyanyua. Nzito! Nikacheza wimbo wa kwanza, mahali besi wanapoingia pamoja, na meza ikaniambia kabla ya sikio. Nilihisi mtetemo kwenye viganja. Kila mmoja wao alikuwepo. Niliweza kuwataja kwa majina wakiwa ndani ya lile duka. Kioo cha kompyuta hakikubadilika rangi. Machozi yalinikaribia, nikajifanya natazama waya.

"Hii kitambaa imeraruka, mama," nikasema, maana lazima useme kitu.

"Kwani wewe unasikiza na kitambaa?"

"Na kama imeharibika ndani?"

"Baba, si umesikia? Hiyo ni ya ofisi ya wazungu. Walienda kwao wakaacha."

Nilitaka kucheza hadi wimbo wa nne. Akanizuia mkono. "Duka yangu si kanisa. Unanunua ama unaombewa?" Tulivutana bei mpaka mate yakanikauka, akashuka, nikalipa, nikabaki na nauli. Nilirudi Migori nimezipakata kama mtoto mgonjwa, na safari nzima nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia kaka. Yalikuwa makali. Nilitaka aombe msamaha mbele ya wale wale.

Ijumaa alasiri watu walijaa tena. Kaka alikuja amevaa koti zito, na jua la siku ile lilikuwa la kukaanga. Mkewe, shemeji yangu, anayeimba alto, alikuwa nyuma yake. Besi walisimama pamoja ukutani, hawakunisalimu. Nikawasha kompyuta, nikaingiza CD, na stima ikapotea.

Jua likaanza kushuka kuelekea mabati ya maduka ya ng'ambo. Likizama, Sabato imeingia, na Sabato haifunguliwi kwa ugomvi wala kwa kujaribu spika. Nilikuwa nikitoka mlangoni kutazama, ninarudi ndani, ninatoka tena. Besi mmoja akasema, "Hii ni ujanja tu. Twende." Kaka akamjibu, "Ngoja." Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono ndani ya koti, na sikumtazama usoni kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye.

Stima ilirudi jua likiwa limegusa mabati. Mama mmoja wa soprano akasema tuna nafasi ya wimbo mmoja.

"Weka wa nne," kaka akasema.

Nikauweka. Besi waliingia na wale waliosimama ukutani wakainua vichwa wote pamoja. Mmoja alijishika kifua, akacheka kwa mshangao. Ubeti wa kwanza, wa pili, ofisi nzima inatabasamu, na mimi nilikuwa nimekunja mikono nikingoja msamaha wangu. Kisha ukaja wa tatu. Kaka yangu aliinuka kutoka kwenye spika zile mzima mzima, sauti yake yenyewe, yenye mchanga chini yake. Mstari wa kwanza aliumaliza. Kwenye wa pili alikata katikati ya neno, mahali ambapo hatujawahi kufanya mazoezi ya kukata, akavuta pumzi. Kifua kikapiga mluzi. Akaendelea. Akakata tena. Mwisho wa mstari, pale sauti inapotakiwa kushuka na kukaa, tulimsikia akimeza kikohozi, na wenzake wakiongeza mguno haraka ili kumfunika. Wao walikuwa wanajua.

Shemeji alipita katikati ya watu akaja kwenye kitufe, akaishusha sauti.

"Wacha," kaka akasema. "Wacha isikike."

Shemeji hakuipandisha. Nikaipandisha mimi. Wimbo uliisha. Nje jua lilikuwa limebaki ukingo tu, na hakuna mtu aliyetazama nje.

Kaka alisimama kwa kushika meza. Sasa nilimtazama, na nikaona jinsi koti lilivyomkaa.

"Watu wangu," alisema, "mwalimu hakunitoa. Hakuna mtu alinitoa. Mimi niko hapo, hata zaidi ya vile nilitaka." Akaniangalia. "Omera, pigia huyo fundi. Mwambie ni sawa."

Maneno yangu makali sikuyapata. Nilizima kompyuta, tukaifungua Sabato kwa wimbo mfupi, na yeye aliimba ameketi. Nilikuwa na uchungu ambao hadi leo sijui ulikuwa kwa ajili ya nani.

Jumatatu nilimpigia fundi. Alisema amesikia kasoro kwenye ubeti wa tatu, kuna pumzi zinaingia, anaweza kuzikata zisijulikane, ni kazi ndogo. Nikamwambia aache kila kitu kilivyo.

Agosti makambini tuliweka meza ya kanda karibu na lango. Kaka alikataa kubaki nyumbani. Aliketi nyuma ya meza ndani ya lile koti, shemeji amesimama nyuma yake na mwavuli, na kila aliyenunua alimshika mkono kwanza kabla ya kumpa kanda.

"Usiisikize na redio ndogo," alikuwa akiwaambia. "Itakudanganya. Tafuta mtu ako na spika nzuri. Ukifika ubeti ya tatu, utasikia mtu anavuta pumzi. Huyo ni mimi."