Samaki wa Baba Mkwe Kanisani

Kuna kanisa moja pale Rhotia ambalo mpaka leo nikipita mbele yake navuta khanga mpaka puani, na mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Nawasimulia leo kwa sababu waliokuwepo wamebaki wachache, na nimechoka kuwasikia wakisimulia vibaya. Wanasema nilipeleka samaki wakabatizwe. Si kweli. Nilipeleka samaki wapumue, na kama ningejua kitakachofuata ningewaacha wafe nikafunga safari ya kwetu mwenyewe kabla sijafukuzwa.

Nilikuwa nimeolewa miezi minne. Mume wangu alikuwa fundi magari kwenye hoteli moja kule ukingoni mwa kreta ya wanyamapori, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mimi niliishi na wakwe. Mama mkwe alikuwa mtu mwema. Baba mkwe alikuwa Baba mkwe. Miaka mingi alikuwa mtunza bustani kwenye hoteli hiyo hiyo, na meneja Mzungu alipoondoka kurudi kwao alimwachia sanduku la kioo lenye samaki sita wekundu, wakaletwa mpaka Rhotia kwenye lori la viazi, wamefunikwa blanketi. Yule mkubwa kuliko wote aliitwa Meneja. Kila Jumapili baada ya ibada watu walikuja sebuleni kuwaangalia, na Baba mkwe alisimama pembeni ya kioo na kofia mkononi, anajibu maswali (ndiyo, wanalala, hapana, hawaliwi).

Mimi hakunisemesha. Si kwa chuki, ndivyo alivyokuwa: mkamwana mpya anaambiwa kupitia mama mkwe, hata kama amesimama hapo hapo na sinia mkononi. Lakini nilijua kwamba hakunitaka. Alitaka mwanawe aoe Rhotia au Karatu mjini, si huku kwetu Endabash, ambako kwa maoni yake watu walijua kuchunga ng'ombe na basi.

Sasa mnakumbuka miaka ile ya foleni. Duka la kijiji lina kaunta, lina mizani, lina mwenye duka, halina kitu. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na wakati huo ninaousema hata chumvi ilikuwa haijaonekana kwa majuma. Tulikula makande ambayo hayakuwa na ladha yoyote, unatafuna tu kwa sababu una njaa. Na juu ya rafu, pembeni ya sanduku la kioo, ulikuwepo mkebe wa kahawa uliojaa chumvi hadi juu. Chumvi ya samaki. Meneja wa hoteli alimfundisha mzee kwamba samaki akitoka vidoa vyeupe anatiwa chumvi kidogo kwenye maji. Majirani walipobisha hodi kuomba walau kijiko, Baba mkwe aliwaambia ametafuta mpaka Karatu hakupata, nasi wa ndani tukainamisha macho.

Ikatokea shemeji yake Baba mkwe akaugua kule Mbulu, wakwe wakajiandaa kwenda kumwona kwa juma zima. Asubuhi ya safari Baba mkwe alisimama mbele ya kioo, mimi nipo, mama mkwe yupo, akamwambia mama mkwe.

"Mwambie mkamwana wako. Chakula ni kiasi cha vidole vitatu, asubuhi tu, kisibaki kikaoza chini. Mikono yenye sabuni isiingie humo. Jumatano apunguze maji, theluthi, asiyamalize yote hata siku moja, halafu ajazie maji ya mvua kutoka kwenye pipa, yaliyolala usiku mzima. Akiona vidoa vyeupe, chumvi kijiko kimoja kwa ndoo."

"Amesikia," alisema mama mkwe.

"Na umwambie," akaongeza huku anavaa kofia, "akiniulia samaki, Endabash si mbali."

Jamani! Kurudishwa kwetu baada ya miezi minne, kwa kosa la samaki! Mama yangu angeiweka wapi sura yake?

Siku ya kwanza niliwalisha vidole vitatu. Siku ya pili nikapika maharage, nikayaangalia yale maharage, nikauangalia ule mkebe. Hapo ndipo kila kitu kilipoanza. Nilichukua chumvi ya kubana kwa vidole tu, nikaapa ni mara moja, na wenzangu, nilipoonja nilikaa chini nikafumba macho. Kesho yake nikachukua tena. Mkifikiri mtu mmoja hawezi kumaliza mkebe wa chumvi kwa siku nne, hamjawahi kukaa bila chumvi. Niliweka kwenye maharage, kwenye mboga, kwenye uji, mwisho nikawa nalamba kiganjani nikipita. Ijumaa nilifuta mkebe kwa kidole.

Jumamosi alasiri Meneja alikuwa na vidoa vyeupe.

Nilivihesabu mara tatu nikiomba viwe uchafu wa kioo. Vilikuwa vinne mgongoni na kimoja mkiani. Nikaenda dukani mbio, mwenye duka akanicheka. Kumwendea jirani singeweza, maana angeuliza kwa nini leo hii watu wa nyumba ile wanatafuta chumvi kwa kutweta namna ile. Nikarudi nikakaa jikoni, na pale jikoni macho yangu yakaangukia kipande cha magadi ya kulainishia makande.

Sikieni nilivyowaza, na msinicheke kabla sijamaliza. Kwetu Endabash baba yangu alikuwa akiwapa ng'ombe magadi walambe, wananenepa, ngozi inang'aa. Kama magadi yanamfaa ng'ombe mzima na ukubwa wake, yatamshindaje samaki wa kiganja? Baba mkwe alidharau kwamba sisi tunajua ng'ombe tu. Basi, nikasema, kesho nitamponya samaki wake kwa akili ya ng'ombe.

Jumapili asubuhi niliyasaga magadi, nikayayeyusha kwenye ndoo ya mwisho ya maji yaliyolala (pipa lilikuwa limefika chini, kiangazi kilikuwa kikali), nikamimina polepole, nikaenda kuvaa gauni la kanisani nikiimba. Niliporudi sikuimba tena. Samaki wote sita walikuwa juu ya maji, midomo nje, mashavu yanafunguka na kujifunga haraka haraka, na mdogo mmoja alikuwa tayari amelala ubavu, hatikisiki. Meneja aliogelea mwendo wa mlevi, akagonga kioo, akageuka tumbo juu kidogo, akarudi.

Maji mazuri. Nilihitaji maji mazuri, yaliyolala, na pipa lilikuwa tupu, na maji ya mtoni saa ile yalikuwa tope kwa sababu ng'ombe walikuwa wameshanyweshwa. Ndipo nikakumbuka kanisani. Kila Jumamosi sisi wanawake tulifagia kanisa, na katekista alichota maji kwenye tangi la mvua la kanisa, akajaza mtungi mkubwa wa mdomo mpana kwenye chumba cha nyuma, yatulie hadi Jumapili. Padre aliyabariki mwisho wa misa, watu wakaondoka nayo kwenye chupa. Maji ya mvua, yaliyolala usiku mzima! Nikawatia samaki watano kwenye sufuria na maji yao mabaya, nikafunika kwa khanga, nikakimbia.

Haki ya Mungu nilikusudia kuchota tu sufuria moja ya maji nikarudi nayo. Lakini nilipofunua khanga mle chumbani, Meneja alikuwa amegeuka kabisa, tumbo juu. Nikamshika kwa mkono nikamtia mtungini, dakika mbili tu, apate pumzi. Nikaona aibu kuwaacha wengine. Wa tano alipoingia, mlango ukafunguka.

"Wewe mama," alisema katekista, "unafanya nini humu? Toka, Padre amefika, anataka kuvaa!"

Nikatoka na sufuria tupu. Na nje, Land Rover ya Padre ilikuwa ndiyo kwanza imezima, na nani anateremka nyuma, anakung'uta vumbi kwenye kofia? Baba mkwe. Yeye na mama mkwe walitarajiwa Jumanne. Mgonjwa alikuwa amepata nafuu na Padre aliwapa lifti kutoka Karatu. Mama mkwe alinikumbatia. Baba mkwe alimuuliza mama mkwe, "Muulize, samaki hawajambo?"

"Hawajambo, Baba," nikajibu mwenyewe.

Nikakaa upande wa wanawake, sufuria chini ya benchi. Jirani yangu akaninong'oneza mbona nimekuja kanisani na sufuria, nikamwambia ni ya sadaka. Nilijituliza hivi: maji yanabarikiwa mwisho, nitawahi kutoka wakati wa wimbo, nitawachota. Nilikuwa nimeshaanza kupumua vizuri nilipoona mbele yangu safu nzima ya akina mama wenye vitoto vilivyovikwa nguo nyeupe.

Ilikuwa Jumapili ya ubatizo.

Wanaume wawili walitoka na ule mtungi wakauweka mbele ya altare. Niliomba, lakini sikujua niombe nini. Kwanza niliomba samaki wafe wazame wasionekane, halafu nikamwona Baba mkwe benchi la mbele, nikaomba waishi lakini wakae chini. Katekista akazamisha jagi la enameli, akampa Padre, Padre akamwagia mtoto wa kwanza kichwani juu ya beseni. Maji matupu. Wa pili, maji matupu. Nilihesabu watoto, walikuwa kumi na mmoja. Wa tatu, maji. Jasho lilinitiririka mpaka kiunoni.

Wa nne, katekista alizamisha jagi ndani zaidi, na Padre alipoinamisha akatoka Meneja.

Alimpita mtoto shavuni, akaanguka kwenye beseni, akaruka kutoka kwenye beseni, akatua sakafuni anapigapiga mkia. Mtoto akapiga kelele, bibi yake akapiga kelele zaidi, na mtu mmoja kule nyuma ambaye hakuona chochote akapaza sauti "Nyoka!" Mabenchi yakaanguka. Nusu ya kanisa ilikimbilia mlangoni, nusu nyingine ikapanda juu ya viti. Padre alibaki amesimama na jagi, miwani imeteremka puani.

Mtu mmoja tu alitembea taratibu. Baba mkwe alichovya kofia yake mtungini, akainama, akamwinua Meneja kwa kofia iliyojaa maji, akamwangalia. Halafu akageuka kuelekea upande wetu. Alisubiri, na kanisa lote likasubiri naye.

"Ni mimi, Baba," nikasema. Nikasimama, na sufuria ikaanguka kwa kelele.

"Wako wangapi?" Ilikuwa mara ya kwanza ananisemesha uso kwa uso.

"Watano. Mdogo mmoja amekufa."

"Umewafanya nini?"

Na hofu ikishapita kiasi mdomo haushikiki tena. "Meneja alitoka vidoa, nikaweka magadi, sikujua, kwetu tunawapa ng'ombe, chumvi haikuwepo, Baba, nisamehe, ule mkebe wa chumvi nimeula wote peke yangu, na maharage."

Nilitegemea radi. Badala yake nikasikia sauti ya mwanamke, polepole, kutoka juu ya benchi.

"Chumvi? Kwa Mzee kulikuwa na chumvi?"

"Mkebe?" akauliza mwingine. "Mkebe mzima?"

"Na mimi nilienda na kikombe, akaniambia ametafuta mpaka Karatu!"

Padre akapandisha miwani. "Mzee, hata mimi nilituma mtu kwako kabla hujasafiri."

Baba mkwe aliitazama kofia. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kofia yanamlowesha viatu. Nikaelewa kwamba sasa sikuwa mkamwana aliyeua samaki tu, nilikuwa mkamwana aliyemvua nguo baba mkwe mbele ya Rhotia yote.

Wale watoto walisubiri katekista akachote maji mengine. Ya mtungi Padre alisema twende nayo, hayamfai tena. Tulirudi nyumbani Baba mkwe mbele na kofia, wanaume wawili na mtungi, mimi nyuma na sufuria yangu. Nilipofika niliingia chumbani nikaanza kukunja nguo zangu, machozi yanadondoka kwenye kikapu, na kupitia mlango nikamsikia anamwaga maji ya magadi, anasuuza kioo, anajaza maji ya kanisani kikombe kwa kikombe.

Nilitoka na kikapu mkononi. Samaki watano walikuwa chini ya maji, wametulia. Yeye alikuwa amekaa anawaangalia, kichwa wazi.

"Baba, nakwenda," nikasema. "Nitapata gari Karatu."

Kabla hajajibu tukasikia hodi. Alikuwa jirani, na nyuma yake wanawake wengine watatu, kila mmoja na kibakuli kidogo. Baba mkwe akawaangalia wao, akaniangalia mimi, akaangalia kikapu.

"Weka hicho chini," aliniambia. "Ukienda wewe, nani ataniamini kwamba chumvi imeisha?" Kisha akashusha mkebe kutoka kwenye rafu, akanipa. "Waoneshe, mwanangu."

Nikaupindua mkebe mbele yao, nikaugonga chini. Kazi hiyo niliifanya mpaka chumvi iliporudi madukani, mlango unabishwa, yeye ananiita, mimi napindua. Na niliapa siku ile kwamba sitaweka kitu kwenye maji ya kiumbe yeyote kabla sijauliza, na nimeshika kiapo. Kuhusu kulamba chumvi kiganjani nikipita jikoni, hapo sikuapa.