Fundi Muasya Katika Sanduku la Tatu

Fundi Muasya alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimjulia hali asubuhi, alikujibu akiwa tayari amekupa kisogo. Kwa miaka kumi na mmoja alishona viatu vya watoto waliougua polio katika shirika letu dogo la hisani hapa Thika. Kabla ya hapo alikuwa katika kiwanda cha viatu, akaacha, kwa sababu kule, alisema, hakuwahi kuuona hata mguu mmoja ulioingia kwenye kiatu chake. Alitoka Mwiki, mbali na Thika, na bado alifika kabla yangu, muthokoi wake wa mchana, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ndani ya kopo. Mimi ni Zubeida, karani wa shirika, na siku ninayoisimulia ni mimi niliyemharibia.

Ilikuwa Jumatatu, Februari 1996. Wiki nzima iliyotangulia tulikuwa kwenye semina Ruiru, tukifundishwa mabadiliko ya utendaji na ofisa aliyetumwa na makao makuu, Bi. Lynn Njau. Msichana mwenye adabu, hakuchoka kuandika ubaoni, nami nilijiambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenyeji siku hiyo hakupona. Ukutani mwa ofisi yetu palibandikwa karatasi kubwa yenye masanduku manne na mishale: Mapokezi, Vipimo, Utengenezaji, Ukaguzi. Zamani mama aliingia na mtoto wake, Muasya akampima, akashona, akamvisha, kwisha. Sasa kazi ingepita sanduku hadi sanduku, na kila mtu ashike lake.

Muasya alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, miwani juu ya paji la uso.

"Sasa mimi niko kwa sanduku gani?"

"La tatu, fundi," Lynn alimjibu. "Production. Unapata form iko na measurements, unatengeneza, unapitisha."

"Na mtoto namwonea wapi?"

"Si lazima umwone. Hiyo ni ya Vipimo. Tunakupunguzia mzigo."

Vipimo ni mimi. Mimi niliyekuwa nikipiga taipu nilikabidhiwa futi kamba mpya na rundo la fomu, na sikujua kama mguu hupimwa kuanzia kisigino au goti. Nilimuuliza Lynn, akanionyesha mshale. Niliufuata kwa macho, ukanirudisha kwenye meza yangu mwenyewe.

Haukupita muda Muasya akatoka karakanani.

"Mama Ruqayya," akaniita kwa jina la binti yangu, kama kawaida yake, "nyuzi zangu zimeenda wapi?"

"Nyuzi gani, fundi?"

"Zilikuwa kwa msumari. Za watoto."

Hapo ndipo nilipoelezwa jambo ambalo kwa miaka mitano sikuwahi kulijua, maana harufu ya gundi ilinizuia kuvuka mlango wa karakana. Kila mtoto alikuwa na uzi wake wa gunia. Fundo la kwanza lilionyesha unene wa soli, la pili buti liishie wapi, na la tatu mahali panapouma, ili pale ngozi iachwe legevu. Mwishoni alifunga kipande cha nguo ya mtoto mwenyewe, ajue ni wa nani. Kuandika alijua, lakini alisema karatasi haina mguu.

Jumamosi tulipokuwa tukisafisha kuta zipakwe rangi, fundi hayupo, nyuzi zile zilikuwa zimetolewa karakanani na kurundikwa sakafuni ofisini, na mafaili mapya yalikuja bila kamba. Nilivikata vile vitambaa kwa sababu vilikuwa vichafu, nikavitupa, na nyuzi nikazifungia mafaili thelathini na nane. Hata nilijisifu kwa unadhifu.

Nilimwonyesha kabati. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Waithira anakuja leo saa tisa," alisema.

Waithira alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto wa Ngendo, mkulima wa Theta. Kesho yake alitakiwa kuripoti kidato cha kwanza katika shule ya bweni huko Murang'a, na asiporipoti siku hiyo nafasi ingepewa mwingine. Buti lake la kushoto lilikatwa soli tu kabla ya ile semina yetu. Simu Theta hawakuwa nayo, na kumsubiri aje apimwe upya kungekula kutwa nyingine nzima.

Nilikwenda kwa Lynn. Akasema nijaze fomu kutoka kwenye rekodi ya zamani. Nikamwambia rekodi ya zamani ndiyo imefunga mafaili. Alinitazama kama nimeanza kuugua. "Si ufungue faili basi?" akasema, na mimi nikashindwa kujua ni nani kati yetu ambaye haelewi.

Tulizifungua nyuzi zote, tukazitandaza mezani. Muasya alizipitisha vidoleni moja moja, macho ameyafumba. Saa nne na nusu akatenga moja.

"Nafikiri ni huu."

"Unafikiri?"

"Nafikiri."

Sikuwahi kumsikia akitumia neno hilo kuhusu kazi yake. Niliupima uzi kwa futi kamba, nikajaza fomu, Lynn akaitia muhuri kwa furaha, na Muasya akarudi kushona. Mchana kopo lake la muthokoi halikufunguliwa.

Saa tisa walifika, mama na binti, wamevaa vizuri. Kwa utaratibu mpya ilinipasa mimi nimvishe. Waithira alisimama, akatembea hadi mlangoni, akarudi. Alikuwa wima kabisa. Ngendo alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Inakuuma mahali?" nilimuuliza.

"Hapana, anti." Alinijibu akimwangalia mama yake.

Muasya alitoka sanduku la tatu bila kuitwa, akapiga goti, akambonyeza juu ya kifundo cha mguu. Msichana akazuia pumzi.

"Hii bado," Muasya alimwambia Ngendo. "Niachie mpaka kesho jioni, mama."

"Kesho jioni atakuwa ameshapoteza shule, fundi. Si umeona anatembea?"

Muasya alianza kulegeza kamba za buti. Waithira aliinama, akauondoa mkono wa fundi taratibu, kwa heshima, kisha akazifunga tena mwenyewe, akazikaza.

"Nitazoea, fundi," alisema.

Muasya alibaki amepiga goti hata walipotoka. Lynn alikuja mbio kutuambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya kwanza kupita masanduku yote manne kwa siku moja, akanikumbusha mstari wa mwisho wa fomu: je, mteja ameridhika? Kupitia dirisha nilimwona Waithira akivuka lango, ameuma midomo, hachechemei hata kidogo. Nikaandika ndiyo, kwa kuwa ndivyo alivyoniambia.