Seva za Tunu Saa ya Ijumaa

Tunu, mkazi wa Boko, ndiye anayetunza seva sita zinazoendesha programu ambayo wenye maduka huagizia bidhaa. Kuziboresha kunataka subira: unahamishia kazi za seva moja kwenye nyingine, unaiwekea toleo jipya, na ikirudi salama ndipo unaigusa ya pili. Bosi wake, Abdulhadi, alishapanga muda: Ijumaa saa saba mchana, wenye maduka wakiwa msikitini.

Ijumaa ile Tunu aliona subira ya nini, akazima tatu kwa mpigo. Zilizobaki zikaelemewa. Dakika mbili hazijapita, simu ikaita: mama yake, Bi Zubeida, yuko dukani kwao Gongo la Mboto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona oda haiendi? Unga umeniishia, wateja wamenijaa hapa!"

"Lakini mama, saa hizi si watu wako msikitini?"

"Baba yako ndiye yuko msikitini. Duka unadhani kamwachia paka?"

Tunu akainua macho. Viti vya wenzake wote ofisini, hata cha Abdulhadi, vilikuwa vitupu; nao walikuwa msikitini. Aliyebaki kazini saa ile alikuwa yeye, binti wa Zubeida.