Nilivyouliza Bei ya Malazi ya Duisburg

Jamani, hili jambo nimelificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa Njeri ameshaanza kulisimulia kwenye shughuli za watu huku akilitia chumvi, bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, maana aibu ukiisimulia mwenyewe angalau unachagua pa kuanzia.

Miaka ile nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Rockville, mji mmoja wa Kimarekani. Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa anasomea uhandisi Ujerumani, mji unaitwa Duisburg, mji wa chuma na makaa ya mawe, na hatukuwa tumeonana tangu tumzike mama Tanga. Kila mwaka nikimwambia nakuja, na kila mwaka likitokea la kutokea. Siku moja kwenye simu akaniambia, tena bila hasira (na ndicho kilichoniuma), "Dada Zuhura, usijisumbue. Mji wenyewe viwanda vitupu, na wewe huko kazini hawakupi zaidi ya wikiendi. Utakuja kuangalia nini, mabomba?"

Nilipoweka simu chini nikaapa. Nitakwenda, hata kama ni kwa wikiendi moja, na safari nitaipanga mwenyewe mwanzo hadi mwisho, simuulizi kitu, nikifika namshika mkono namtembeza kwenye mji wake mwenyewe mpaka ashangae. Bosi nikambana akanipa Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, tiketi nikanunua, ikabaki kuujua mji tu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu vitabu vya watalii pale maktaba vilikuwa vinairuka Duisburg kama vile treni haisimami. Sikukata tamaa. Nikaenda, nikarudi, nikaenda tena, mpaka nikakuta tangazo ubaoni: Jumamosi mchana, ukumbi wa kanisa moja nyuma ya barabara ya Rockville Pike, mazungumzo juu ya kuitembelea Duisburg, kwa picha, na kahawa bure. Kidogo nilibusu lile tangazo. (Lingefaa zaidi kama ningelisoma lote badala ya kulibusu, maana chini liliandikwa ukumbi ni ule wa ghorofa ya chini.)

Njeri ni mwenzangu wa kazini, Mkenya wa Nyeri, mwenye gari na mwenye macho. Nikamwomba anipeleke. Tulitoka shifti ya asubuhi moja kwa moja, hata nguo za kazi hatukubadilisha, mimi za bluu yeye za zambarau. Tukafika, mlango wa juu uko wazi, pale mlangoni kasimama mzee mmoja mwenye suti nyeusi, akatutazama kwa upole akauliza, "Mmekuja kwa ajili ya Dieter?"

Sasa hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojimaliza. Mimi Dieter simjui. Mtu mwenye akili angesema, "Samahani mzee, Dieter ni nani?" Lakini mimi sipendi kuonekana nimepotea, nikajiambia bila shaka Dieter ndiye mtoa mazungumzo, nikajibu kwa sauti ya mwenye uhakika, "Ndiyo, tumekuja kwa ajili ya Dieter."

Mzee akatazama nguo zetu. "Ninyi ni wauguzi?"

"Ndiyo," nikasema, na hilo lilikuwa kweli.

Basi yule mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yakamjaa maji. "Asanteni sana kwa kuja. Njooni mbele, nafasi yenu ni mbele."

Nikamgeukia Njeri, nikamwambia, "Umeona? Wajerumani wanaheshimu kazi yetu."

"Zuhura, mbona kila mtu amevaa black?" akaninong'oneza.

"Ni watu wa mji wa viwanda hao. Nyeusi haionyeshi masizi."

"Aki mimi sioni hii kitu vizuri. Wacha nitafute choo, nikirudi nitakuambia."

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa Tanga. Msiba ninaoujua mimi una majamvi, ubani, na wanawake wanaolia mpaka jirani wa mtaa wa tatu ajue. Pale palikuwa na keki za aina aina, kahawa, muziki wa piano, na mbele kabisa picha kubwa ya mzee mwenye kofia ngumu ya kiwandani, anacheka, kazungukwa na maua, na kando ya picha kuna chombo kizuri cha shaba chenye kifuniko. Nikaweka mkoba wangu pembeni ya kile chombo ili nipate mikono ya kushikia keki, nikakaa.

Picha zikaanza ukutani. Weee! Tanuru refu la kuyeyushia chuma, bandari, meli za mizigo mtoni, daraja, vijana na nyuso zao nyeusi kwa vumbi wanacheka. Maelezo yalikuwa kwa Kijerumani lakini mimi nilikuwa nashika majina tu, nayarudia moyoni kama mtoto wa madrasa, nikisema Jumamosi asubuhi hapa, mchana pale, jioni kwenye lile tanuru. Kushoto kwangu alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba mwenye kitambaa mkononi. Nikamwinamia, nikamuuliza kwa Kiingereza, "Samahani, huko hali ya hewa ikoje mwezi wa kumi?"

Bibi akanitazama, akatazama dari, akafikiri. "Natumaini ni ya joto," akasema.

Nikashukuru, nikaongeza sweta moja tu kwenye mpango wangu.

Picha zilipoisha yule mzee wa mlangoni akachukua kipaza sauti, akazungumza Kijerumani kidogo, kisha akageuka upande wetu kwa Kiingereza: "Nao hawa waliokuja na nguo zao za kazi, tungependa kusikia neno kutoka kwao." Akaniletea kipaza sauti mpaka mdomoni.

Mimi tena! Nikasimama, nikapangusa makombo ya keki, nikasema: "Nawashukuru sana kwa picha hizi. Mimi nimeamua, hakuna wa kunizuia, mwezi ujao na mimi nakwenda huko. Nakwenda Ijumaa, Jumapili narudi."

Watu wakageukiana. Nikadhani wameguswa. Kwa mbali nikamwona Njeri kasimama mlangoni, anapitisha mkono shingoni, anapitisha tena, nikaelewa ananiambia nifupishe.

"Basi nina maswali mawili tu," nikasema. "Je, Dieter mwenyewe atakuwepo kutupokea? Na kwa mtu wa kipato cha chini kama mimi, malazi kule ni kiasi gani?"

Kijiko kikaanguka mahali. Yule mzee akakohoa. "Mama," akasema polepole, "Dieter amefariki."

Hapo bado ningeweza kujiokoa, jamani, lakini ulimi ulikuwa umeshashika kasi. Nikasema, "Poleni sana. Na nani amechukua nafasi yake?"

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akainuka, uso umemwiva. "Huyu ni baba yangu," akasema, akionyesha ile picha, "na ule mkoba uliouegemeza pale umeuegemeza kwenye majivu yake. Tafadhali toka."

Sijui niliuchukuaje ule mkoba. Nakumbuka nilimwomba radhi yule binti, nikakiomba radhi chombo, nikaomba radhi na keki, nikatoka nikiwa sioni mbele. Njeri akanidaka kwenye korido. "Ngai! Si nimekuwa nikikushow ukate? Imeandikwa hapo kwa mlango, huyo mzee alikufa!" Nikakaa kwenye ngazi nikalia kilio changu cha Kitanga, kile cha mtaa wa tatu.

Nikiwa pale nikasikia hatua. Ni yule bibi mwembamba. Nikasimama niombe radhi tena, akaniashiria nikae, na yeye akakaa. Alikuwa mjane wa Dieter. Aliniuliza jambo moja tu: "Kwa nini Duisburg? Hakuna mtu anayekwenda Duisburg."

Nikamweleza ukweli wote, Mwanaidi, mama, miaka ya ahadi, ile simu. Akasikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye swali la hali ya hewa mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani namliza, kumbe anacheka, kisha akawa analia kweli, halafu vyote pamoja, na mimi sikujua nishike kipi, nikamshika mkono.

"Anakaa mtaa gani?" akauliza akijifuta.

"Ruhrort."

"Bandarini. Basi usilale karibu na stesheni, kelele. Panda tramu mpaka kwake. Jumamosi jioni mpeleke kwenye tanuru la zamani, siku hizi wamelifanya bustani, linawashwa taa za rangi, mpande mpaka juu. Jumapili msifanye chochote. Kaeni mtoni mtazame meli." Akasimama. "Binti yangu ana hasira na ana haki. Usirudi ndani."

Sikurudi. Tulipopita ghorofa ya chini tukawakuta watu wa mazungumzo ya kweli wanakunja viti, Njeri akaniuliza kama nataka kuingia nikaulize maswali yangu, nikamwambia awashe gari.

Nilikwenda Duisburg. Mvua ilinyesha Ijumaa yote na lile sweta moja halikutosha kitu, lakini Jumamosi tulipanda lile tanuru, na Mwanaidi alikuwa hajawahi kulipanda, na kule juu tukamzungumzia mama kwa mara ya kwanza tangu tumzike, mpaka mlinzi akaja kutuambia wanafunga.

Njeri anasema kwa kuwa mwisho ulikuwa mzuri basi aibu imefutika. Haijafutika. Yule binti alikuwa anamzika baba yake, mimi nikasimama mbele yake nikauliza bei. Tangu siku ile nimejiwekea sharti, mtu akiniuliza mlangoni jambo nisilolijua, nasema sijui, hata kama nyuma yangu kuna foleni na watu wananicheka. Juzi hapa Oxon Hill nilialikwa harusi, nikamuuliza kijana wa mlangoni mara mbili nani anaoa na kama wote wawili wako hai, akaniangalia kama nina kichaa. Na aniangalie tu.