Barua Iliyosema Nimepona

Kaka yangu ana mwandiko mzuri. Nalisema hili mwanzoni ili nisije nikaambiwa namchukia kwa kila kitu. Herufi zake husimama wima, na hata akiandika kwenye karatasi isiyo na mistari, maneno yake hayapandi wala hayashuki. Ndiyo maana kijijini kwetu, karibu na Naitiri, kila aliyetaka barua ya maana alimwendea yeye. Na ndiyo maana nilipouona mwandiko ule ndani ya faili langu kule Kitale, nilimjua mwenyewe kabla sijasoma neno.

Nilifanya kazi Kitale miaka kumi na moja, katika stoo ya mbegu za mahindi. Tuliketi kwenye mabenchi tukichambua mbegu, zilizooza huku, nzima huku, huku tukisengenyana hadi saa kumi. Kila mwezi serikali ilikata kidogo kwenye mishahara yetu kwa ajili ya mfuko wa wafanyakazi, na kila mwezi tulinung'unika. Kisha asubuhi moja, mwaka uliotangulia ule wa kura ya maoni ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, rundo la magunia liliporomoka nami nikiwa nimeinama chini yake kuokota ungo. Yaliyoniangukia yalikuwa matatu tu. Yalinitosha.

Nilitoka hospitalini na magongo mawili na mguu wa kushoto unaoburuta. Daktari aliandika kwamba mgongo wangu hautarudi ulivyokuwa. Msimamizi wa stoo alinipa pole nyingi, akaniambia hapo kwake hakuna kazi ya mtu wa magongo. Ni mwenzangu wa benchi aliyenieleza kwamba ule mfuko tuliokuwa tukiulaani una malipo ya ulemavu, kwa mtu aliyeumia asiweze tena kufanya kazi. Nikachukua fomu.

Nilichotaka kwa malipo yale kilikuwa kimoja: kurudi kwenye chumba changu. Nilikuwa nimepanga chumba mjini Kitale, cha mabati, dirisha lake likitazama njia ya kwenda sokoni. Kilikuwa na kitanda changu, jiko langu, na ufunguo mmoja ambao niliuvaa shingoni. Mume sikuwa naye, alikwishakwenda zake zamani, na sikumlilia. Nilipoumia, kaka alikuja na lori la kukodi, akanipakia pamoja na kitanda, akanirudisha nyumbani kwa wazazi ambako sasa yeye ndiye mwenye boma. Alinitendea wema, sikatai. Lakini hebu jaribu wewe, mtu mzima, kuomba maji ya kuoga kwa mke wa kaka yako kila asubuhi, na kungoja aamue kama leo amekusikia.

Kaka alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa pia liguru, mzee wa kijiji anayemsaidia chifu kujua nani ni nani. Fomu yangu ilikuwa na ukurasa wa kuthibitishwa na chifu, nami nikaona mambo yamenyooka. Nani angenithibitisha vizuri kuliko mtoto wa mama yangu?

Lakini kabla chifu hajaugusa ukurasa ule, kulikuwa na Jumapili moja.

Kanisa lilikuwa limefunga na kuniombea majuma matatu. Akina mama walikuja kwangu zamu kwa zamu, wengine kutoka hadi Ndalu, wakaniwekea mikono mgongoni. Kanisani kwetu tulifundishwa kwamba uponyaji haungojwi uonekane. Unaukiri kwanza kwa kinywa, mwili unafuata. Anayengoja kuona ndipo akiri huyo ni mtu wa shaka, na shaka yake inawafungia hata wenzake. Basi Jumapili ile alikuja mhubiri mgeni, kaka akanishika mkono, akaniongoza mbele, akayapokea magongo yangu na kuyaegemeza ukutani.

Nilitembea hatua saba. Nilizihesabu kwa sababu kila moja ilikuwa kama kukanyaga moto. Watu walikuwa wanalia, vigelegele vimeshika paa. Niliwatazama wale akina mama waliokaa na njaa kwa ajili yangu, na sikuwa na moyo wa kuwarudisha nyumbani mikono mitupu. Nikasema, "Bwana asifiwe, nimepona." Nilisema mimi, kwa kinywa changu. Hilo silifichi.

Kaka alinirudisha nyumbani kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake. Siku nne sikuamka kitandani.

Tangu hapo jina lake lilipanda. Walimwita makanisa mengine kusimulia muujiza wa dada yake, na maneno yakaanza kwamba atawekewa mikono awe mchungaji. Mimi niliachwa nyumbani. Muujiza ungefika Ndalu ukiburuta mguu, ungeharibu hadithi.

Miezi ikapita bila jibu kutoka Kitale. Kila jioni kabla ya chakula kaka aliuliza, "Yaya, hao watu wamejibu?" Yaya ndivyo tunavyoitana ndugu kwetu. Nikijibu bado, alifumba macho na kuomba, kwa sauti, mke na watoto wakisikia, kwamba Bwana aiguse mioyo ya wakubwa wale. Na mimi nikaitikia amina, jioni baada ya jioni, kama mjinga.

Jibu lilipokuja lilikuwa mistari miwili. Ombi limekataliwa, mwombaji ana uwezo wa kufanya kazi. Nilienda Kitale mwenyewe kuuliza. Kwenye dirisha la ofisi nilimkuta binti wa mjini aliyejifunga mtandio mweusi, mpole, na nadhani alinihurumia kwa jinsi nilivyokuwa nikihema. Alifungua faili, akapekua, kisha akaligeuza linielekee.

"Mama, daktari wako ameandika vizuri. Lakini kuna hii barua ingine ilikuja nyuma yake, kutoka kwa chifu. Soma mwenyewe."

Mhuri ulikuwa wa chifu. Mwandiko ulikuwa wa kaka yangu. *Mimi liguru wa eneo hili nathibitisha kwamba mwombaji alikuwa mgonjwa lakini sasa amepona kabisa kwa uwezo wa Mungu. Nimemwona kwa macho yangu akitembea bila magongo mbele ya kanisa. Yeye mwenyewe ameshuhudia.*

Niliangalia tarehe. Ilikuwa siku mbili baada ya Jumapili ile. Nilikuwa kitandani nikigeuzwa na mkewe wakati yeye yuko sebuleni, ukuta mmoja kati yetu, akinyoosha herufi zake. Na zile dua zote za jioni aliziomba akijua. Sijawahi kuchukia mtu namna ile, na nilishangaa kwamba mtu wa kwanza kumchukia hivyo ni yule aliyenifundisha kusoma.

"Unaweza kata rufaa," binti yule alisema. "Kwa vile unakaa upande wa Bungoma, watakusikiza huko Bungoma. Lakini huyu aliyeandika, si umwambie abadilishe?"

Nilimwambia kaka jioni hiyo hiyo, kabla hajafumba macho yake.

"Sikuandika uongo," alijibu. Hakushtuka hata kidogo. "Niliandika yenye ulisema."

"Uliniona siku nne sijaamka."

"Hiyo ilikuwa majaribu tu. Sasa yaya, nikiandika barua ingine, hawa watu si watasema Mungu alidanganya? Hata kanisani nitawaambia nini?"

"Waambie dada yako anaumwa."

Mkewe aliendelea kusonga ugali kwa nguvu zisizohitajika. Mwishowe kaka akasema, "Sawa. Nitakuja na wewe Bungoma. Nitawaeleza mwenyewe."

Nilimwamini. Hapo ndipo huwa najilaumu zaidi ya pale kanisani. Nilimwamini kwa sababu alilisema polepole, akinitazama usoni, na kwa sababu ni kaka yangu.

Siku ya rufaa alivaa suti yake ya kahawia. Ofisi za Bungoma zilikuwa ghorofani. Nani aliamua kwamba kesi za viwete zisikilizwe ghorofani, sijui, lakini ningependa kumwona. Niliziangalia ngazi nikafa moyo. Kaka aliyaacha magongo yangu kwa askari wa mlangoni, akachuchumaa, nikapanda mgongoni mwake kama nilivyopanda tukiwa watoto, mto ukiwa umejaa. Alipanda ngazi zote bila kupumzika. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na nilipokuwa pale juu, shavu langu kwenye kola yake, nilimsamehe. Ndiyo, nilimsamehe kabisa. Alinikalisha kwenye benchi, akanitengenezea leso, akaniuliza kama naumia.

Ndani walikuwa watatu: mwenyekiti, mama mmoja wa kuandika, na daktari. Waliniita, kaka akanishika kwapani hadi kitini. Nikaeleza yangu yote, hata zile hatua saba. Kisha mwenyekiti akamgeukia.

"Liguru, hii barua ni yako?"

"Ni yangu."

"Kuna kitu unataka kubadilisha?"

Nilimtazama. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Hapana, mheshimiwa. Yenye niliandika ndiyo niliona. Dada alipona. Ni imani tu imerudi chini kidogo."

Nikasema, "Mheshimiwa, huyu amenibeba mgongoni sasa hivi kunileta kwenu!"

Daktari aliinua kichwa. Mwenyekiti akauliza, "Ni kweli?"

"Nilimsaidia kidogo tu," kaka akasema. "Alikuwa amechoka na safari."

Yule mama aliandika. Nilisikia kalamu yake. Walituambia jibu litaletwa kwa njia ya chifu, na baadaye liliporudi lilikuwa lile lile la kwanza, ila refu zaidi. Lakini mimi sikungoja jibu lile. Langu nilikuwa nimeshalipata.

Tulitoka hadi juu ya ngazi. Kaka alivaa kofia yake, akachuchumaa mbele yangu, mikono nyuma, tayari.

"Panda, yaya."

"Kama nimepona, unainama ya nini?"

Hakusimama. Alibaki vile vile, mgongo wake ukiningoja, watu wakitupita na kututazama. Nilishika ukuta, nikakaa chini, nikashusha makalio hadi ngazi ya kwanza. Kisha ya pili. Sketi yangu nzuri ilizoa vumbi la ofisi nzima, na mguu wa kushoto niliuvuta kwa mkono kila hatua. Nilipokuwa katikati, yule daktari alikuja akishuka kwenda kula. Alisimama nyuma yangu kidogo, akasema, "Samahani, mama," akanipita kwa pembeni.

Chini askari alikimbia na magongo yangu, akanisaidia kusimama, akanipangusa sketi bila kuuliza. Alitazama juu, kaka bado hajashuka.

"Pole sana, mama. Na yule mzee alikuwa amekubeba, ni ndugu yako?"

"Hapana," nilimwambia. "Yule ni liguru wetu tu."