Siku Walipokuja Kuchukua Sauti ya Mama

Juzi pale Kalangalala nilimwona binti akijirekodi kwa simu akiimba, kisha akacheka aliposikia sauti yake. Nikamkumbuka mama.

Mama alikuwa akitunga nyimbo za Kisukuma na kuziimba kwenye harusi za hapo kwetu Buseresere. Alasiri moja alikuja mtangazaji wa redio na mashine yake. Nikiwa jikoni, kwenye moshi wa kuni mbichi, nilimsikia akisema, "Mama Minza, nimekuja kuchukua sauti yako."

"Ichukue tu," mama akajibu.

Nilikuwa mtoto mdogo bado; nilitoka mbio nikasimama mlangoni. Niliamini kwamba angeondoka nayo, na mama angebaki bubu. Alipoanza kuimba, nilisikiliza kila mstari kama wa mwisho. Wimbo ulipokwisha, mgeni alibonyeza kitufe, na sauti ya mama ikatoka kwenye mashine huku yeye mwenyewe amefumba mdomo.

Nilimkimbilia mama nikamshika kitenge. "Mayu, sema."

Hakusema. Nikamvuta tena, nikilia. Alinishika kichwa tu, macho yake yakiwa kwenye ile mashine. Sasa najua kwamba alikuwa akiisikia sauti yake kwa mara ya kwanza maishani.

"Kumbe ninaimba hivi," hatimaye alinong'ona.

Nilifurahi kwamba sauti yake imebaki. Lakini wimbo ulipopigwa redioni, watu walianza kumwita kwenye harusi hadi Kahama, hadi Mwanza. Jioni nyingi baba ndiye aliyetupikia, nasi tukala huku tukimsikiliza mama kwenye redio ya jirani.