Redio Haijibiwi

Siku za vita, sisi Waafrika wa Arusha tulikuwa na redio moja tu ya kusikiliza, na juu ya redio hiyo tukawekewa karani. Redio ilikuwa nzuri. Karani ndiye aliyekuwa hasara.

Ilikaa ukumbini karibu na soko, ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati karani aliuvaa shingoni. Jumamosi alasiri alifungua, akapangusa redio kwa leso, kisha akageuka kututazama kana kwamba sauti za Nairobi alizitunga yeye. Mimi nilikuwa na darasa langu la nne na ndoto ya kusema humo siku moja. Nilipomwambia, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Wewe binti? Na Kiswahili chako hicho cha mlimani?"

Chake yeye alikisemea puani, kama Mzungu mwenye mafua.

Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba redio haijibiwi. Mama zetu walioshuka kutoka mlima Meru na ndizi zao hawakuielewa. Kwetu, mtoto akikuamkia ukanyamaza, umemkataa. Basi msomaji wa habari akisema hamjambo, ukumbi mzima unaitika hatujambo, na karani anapiga meza: "Washamba! Atakayejibu sanduku atatoka nje!"

Mama yangu alikuja kwa jambo moja tu. Kaka yangu alikuwa askari nchi za mbali, barua hakuna, na baada ya habari walikuwa wakitoa salamu za askari. Jumamosi nyingi alirudi mlimani mikono mitupu. Halafu siku moja likatajwa jina la kaka, ikafuata sauti yake mwenyewe, nyembamba, imejaa mikwaruzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Umekula?"

Ukumbi ulicheka kwa furaha. Karani alimshika mama mkono, akamburuta mlangoni.

"Bwana Karani, si mwanawe huyo?" akasema muuza ndizi mmoja. "Ulitaka amnunie?"

"Nje!"

Mama alinionyesha redio kwa kidevu: wewe baki, sikiliza. Nikabaki, machozi yananitoka, kaka akisema yu mzima na kwamba yule ndama wake mwekundu asichinjwe. Basi, akaja askari mwingine.

Salamu zilipokwisha ikaja hotuba ya Gavana. Yule karani wetu akasimama wima, akavua kofia, akaliinamia sanduku. Gavana akawatakia wasikilizaji mchana mwema.

"Asante sana, bwana mkubwa," karani akaitika, tena kwa sauti.

Kisha yule muuza ndizi akapiga benchi kwa kiganja.

"Nje!"

Sijapata kusikia watu wakicheka vile. Karani alibaki na kofia yake mkononi, hajui aivae au aishike, na mimi, ambaye huwahurumia hata kuku, sikumhurumia hata kidogo.

Nilimkuta mama amekaa ukingoni mwa mfereji. Nikampa habari za uzima na za ndama. Hazikumtosha.

"Nilipomuuliza kama amekula, alijibu nini?"

"Amekula, mama."

"Amekula nini?"

"Ndizi na nyama."

"Mwongo huyo! Ndizi atazitoa wapi huko?" akasema, akicheka. Akajitwika kikapu chake, akashika njia ya mlimani kwa kasi hata nikawa namkimbilia.